Picha za Mwili Katika Programu za Mazoezi: Nani Mwingine Anaziona?

Mazoezi ya pamoja yamekuwa desturi nchini Rwanda, hasa tangu Jiji la Kigali lilipoanzisha siku isiyo na magari mwaka 2016. Wilayani Rubavu, wakazi wa Rugerero na wa mji wa Gisenyi wana ufuko wa Ziwa Kivu kuwa uwanja wao wa kukimbilia. Polisi inaiunga mkono desturi hii, kwa kuwa mwili wenye afya ni faida kwa mtu na kwa jamii nzima.

Pamoja nayo, hata hivyo, imeingia desturi nyingine. Watu wengi, vijana kwa wazazi, hutumia programu za simu zinazohesabu hatua, umbali na uzito. Baadhi ya programu hizo humtaka mtumiaji ajipige picha kila wiki, mbele na ubavuni, akiwa amevaa nguo chache, ili aulinganishe mwili wake wa leo na ule wa mwezi uliopita. Nia yake ni njema. Lakini picha hiyo, ambayo mwenyewe asingekubali ibandikwe ukutani kwa jirani, mara nyingi huondoka mikononi mwake bila yeye kutambua. Makala haya yanaeleza picha hizo huenda wapi, sheria inasemaje, na mtu afanye nini endapo atatishwa kwa picha yake.

Picha huenda wapi?

Mahali pa kwanza ni simu yenyewe. Picha ikikaa humo pamoja na picha za harusi na za watoto, yeyote aishikaye simu aweza kuiona: rafiki aliyeazimwa, fundi aliyepewa simu pamoja na nenosiri lake, au mnunuzi wa simu iliyouzwa bila kufutwa yaliyomo. Aidha, simu nyingi hupeleka nakala ya kila picha kwenye akaunti ya mtandaoni ya mwenye simu. Ajuaye nenosiri la akaunti hiyo aweza kuifungua akiwa Gisenyi, Goma au Nairobi, wala hahitaji kuigusa simu.

Mahali pa pili ni kompyuta za kampuni yenye programu, ambazo huenda ziko bara jingine. Hapa kufuli ya simu yako haina nguvu. Mwaka 2025, watafiti wa Cybernews walieleza kwamba hifadhi ya mtandaoni ya programu ya mazoezi iitwayo Fitify ilikuwa wazi kwa yeyote, bila kuhitaji nenosiri. Humo mlikuwa na picha za maendeleo ya mwili zipatazo 138,000. Hakuna mlango uliovunjwa. Ulikuwa umeachwa wazi, ukafungwa baada ya kampuni kuarifiwa. Miaka saba kabla yake, mwaka 2018, taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 za programu ya MyFitnessPal ziliibwa, yakiwemo majina ya watumiaji na anwani zao za barua pepe. Watumiaji wa programu hizo hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa wameamini tu kwamba kilichomo simuni mwao kimo simuni mwao peke yake.

Mahali pa tatu ni macho ya watu tuliowatumia wenyewe: kocha, mchumba, au kundi la WhatsApp la wanamazoezi. Mapenzi huisha, na kundi hubadilika wanachama, lakini picha hubaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tukumbuke pia kwamba picha ya simu hubeba zaidi ya sura. Ndani yake mwaweza kuwamo tarehe, saa na mahali ilipopigwa. Programu zinazorekodi njia za wakimbiaji nazo hufichua mengi: mwanzoni mwa mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia wakiwa na vifaa vya kupimia mazoezi. Ikiwa kambi ya jeshi yaweza kufichuliwa hivyo, basi nyumba ya msichana anayeanza mbio zake mlangoni pake kila alfajiri yaweza kufichuliwa pia.

Sheria inasemaje?

Nchini Rwanda, faragha ya mtu inalindwa na Katiba. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuondoa ridhaa aliyoitoa, na kudai taarifa hizo zifutwe. Habari za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkubwa zaidi. Kwa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi. Sheria hii inazihusu pia kampuni zilizo nje ya nchi zinazoshughulikia taarifa za watu walioko Rwanda, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao.

Kwa upande wa jinai, kifungu cha 156 cha Sheria Na. 68/2018 kinamwadhibu anayepiga au kufichua picha ya mtu kwa nia mbaya bila idhini yake. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 hadi mwaka 1, pamoja na faini ya faranga milioni 1 hadi milioni 2. Anayetumia kompyuta au simu kumsumbua au kumtisha mwenzake kwa kusambaza picha zisizo za heshima hukabiliwa na Sheria Na. 60/2018 ya makosa ya mtandao, ambayo kifungo chake chaweza kufika miaka 2.

Jirani zetu nao hawako nyuma. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitunga Kanuni ya Kidijitali mwezi Machi 2023. Nchini Kenya, mwezi Septemba mwaka huohuo, msimamizi wa ulinzi wa data aliitoza faini ya shilingi milioni 1.85 klabu moja ya burudani jijini Nairobi kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kuvuka mpaka, basi, hakumwondolei mtu haki juu ya picha yake.

Jinsi ya kujikinga

Kabla ya kupiga picha, jiulize kama unaihitaji. Kamba ya kupimia kiuno na daftari hueleza maendeleo vilevile. Ukiihitaji, usionyeshe uso, alama ya mwilini wala kitu cha nyumbani kinachokutambulisha. Katika mipangilio ya simu, inyime programu ruhusa ya kuona picha zote na mahali ulipo, na uzime upelekaji wa nakala mtandaoni kwa picha hizo. Weka nenosiri ambalo hulitumii kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiacha kutumia programu, futa kwanza akaunti yenyewe, ndipo uiondoe simuni. Kuiondoa programu peke yake huacha picha kwenye kompyuta za kampuni. Kabla ya kuuza simu, toka katika akaunti zako zote kisha uirudishe katika hali ya kiwandani. Ukiipeleka kwa fundi, hamisha picha zako kwanza.

Ukitishwa kwa picha yako

Mtu akikuambia, «Lipa, la sivyo nitaisambaza», usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi mara ya pili. Usimtumie picha nyingine, wala usivuke mpaka kwenda kukutana naye ili «myamalize». Usifute mazungumzo: hifadhi ujumbe, namba ya simu, jina la akaunti na risiti ya fedha kama ulikwisha kutuma. Hivyo ndivyo vielelezo. Kisha toa taarifa kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda kwa namba 166, au kwa Polisi kwa namba 112. Namba 3512 ni ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Hakuna malipo kwa kupiga namba hizo. Kituo cha Isange katika Hospitali ya Gisenyi nacho hupokea waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Hata kama mtishaji anatumia laini ya nchi nyingine, toa taarifa papa hapa ulipo. Rwanda na Kongo zote ni wanachama wa Interpol, na kumtafuta mhalifu ng'ambo ni kazi ya vyombo vya dola.

Kwa wazazi na viongozi wa vijiji tuna ombi moja. Kijana akija na habari kama hii, swali la kwanza lisiwe, «Kwa nini ulijipiga?» Liwe, «Nani anakutisha?» Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mtishaji hutegemea ukimya huo kuliko kitu kingine chochote. Aliyejipiga picha kwa ajili ya afya yake hakuvunja sheria. Aliyeivunja ni yule anayeisambaza au kuitumia kutisha.