Kontena za Linux na Programu Zenye Madirisha

Neno "kontena" humkumbusha msomaji masanduku ya chuma ya bandari ya Kilindini, na hapo ndipo linapopotosha. Kontena ya Linux haina sakafu yake yenyewe; hutumia kerneli ile ile ya tarakilishi inayoipa hifadhi, ilhali faili, michakato na mtandao vimetengwa. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ilikusudiwa hasa programu za seva, zisizohitaji kiwambo. Programu yenye dirisha haina budi kufikia mfumo wa michoro, aghalabu X11 wa mwaka 1987. Mlango huo ukiachwa wazi, programu iliyofungiwa yaweza kusoma kila herufi inayochapwa kwingineko, nywila zikiwemo. Kufungiwa huko ni kwa jina tu.

Ndiyo sababu ya kuwapo kwa skripti saidizi kama x11docker, ambayo aghalabu huianzishia kontena seva nyingine ya X na kuiendesha programu pasipo mamlaka ya msimamizi. Distrobox, nayo pia skripti, imeelekea kwingine kabisa: humfungulia mgeni makazi yote ya mtumiaji ili programu ya Fedora, kwa mfano, itumike juu ya Debian kama mwenyeji. Maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba utengano si lengo lake kuu.