Tabia za Watumishi na Uzito wa Kazi

Msimu wa ununuzi wa pamba au kahawa huwaelemea watumishi wote wa Chama cha Msingi, lakini hauwaelemei sawasawa. Karani mchangamfu huzidi kupata nguvu mbele ya foleni ya wakulima mizanini. Mwenzake mkimya, mwangalifu wa hesabu, huondoka hapo amechoka, hukosa usingizi, na stakabadhi zake huanza kuwa na makosa. Huyo si mvivu.

Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani, Costa na McCrae, walieleza kwamba uchangamfu huambatana na furaha, na wepesi wa kuhangaika huambatana na huzuni. Hata hivyo, tabia si sababu pekee. Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, alionyesha kwamba kazi huumiza zaidi inapodai mengi huku mtumishi hana kauli juu ya namna ya kuitenda.

Kwa hiyo, kabla ya kumkaripia au kumwachisha kazi karani wa namna hiyo, yafaa Kamati imsikilize, imhamishie kwenye vitabu vya hesabu, na imwachie apange mwenyewe saa za kuvifunga. Karani mwaminifu akipotea, hasara ni ya wanachama.