Kuchemsha hakuondoi aseniki: taka zinazoweza kusafisha maji, na mipaka yake

Ukivuka mpaka pale Mpondwe na kufika Bwera, somo la kwanza kuhusu maji huwa ni hili: chemsha, au tia kidonge cha klorini. Somo hilo ni sahihi, kwa sababu joto na klorini huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini kwa anayeishi Kilembe, mji wa Kasese au Rukoki na kuchota maji katika mto Nyamwamba, kuna hatari nyingine ambayo moto na klorini haviwezi kuiondoa. Ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji.

Makala hii inaeleza madini hayo yanatoka wapi, jinsi taka za kawaida zinavyoweza kutengenezwa ziyanase, na kwa nini hupaswi kulitegemea chujio la namna hiyo kabla maji yake hayajapimwa.

Madini yanatoka wapi?

Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Takriban tani milioni 16 za mawe zilichimbwa, na mabaki yakaachwa kandokando ya Nyamwamba. Ndani yake kuna pairiti, jiwe lenye chuma na salfa. Pairiti ikikutana na hewa na mvua hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini mengine. Mabaki yaliyorundikwa karibu na mji wa Kasese yalivuja hadi kuua majani katika sehemu ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia 1999 kiwanda kilitumia rundo hilo kutoa kobalti, lakini mabaki ya bondeni yamebaki. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyachimbua na kuyasukuma kuelekea chini, upande wa Ziwa George.

Watafiti waliopima maji na udongo wa bonde hili wamezungumzia zaidi kobalti, shaba na nikeli. Aseniki nayo huandamana mara nyingi na mawe ya salfa, ndiyo maana huwekwa kwenye orodha ya vipimo. Katika maeneo ya dhahabu ya Geita na Mara, Tanzania, tatizo la aseniki kwenye maji linajulikana.

Aseniki inadhuru vipi?

Haina rangi, harufu wala ladha. Haikuumizi leo wala kesho. Mtu akiinywa kwa miaka, hupata madoa ya ngozi, ngozi ngumu kwenye viganja na nyayo, na baadaye huweza kupata saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Ugonjwa huo hauambukizi, kwa hiyo aliye na madoa hayo asitengwe.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha milligramu 0.01 kwa lita. Kwa jerikani ya lita 20 hiyo ni milligramu 0.2, uzito wa punje chache tu za chumvi. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke lakini aseniki yote hubaki, kwa hiyo kila kikombe kinachobaki huwa na aseniki zaidi kidogo.

Taka zinafanyaje kazi?

Fikiria sumaku: pande zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Maganda ya kahawa, pumba za mpunga, vumbi la mbao na makaa yake huwa na chaji hasi juu yake. Shaba, kobalti na nikeli zikiyeyuka huwa na chaji chanya, kwa hiyo hushikwa. Aseniki kwa kawaida huwa na chaji hasi, kwa hiyo makaa matupu huisukuma na kuiacha ipite.

Hapo ndipo marekebisho yanapohitajika. Makaa au maganda yakilowekwa kwenye chumvi ya chuma na kukaushwa vizuri, hupata ngozi nyembamba ya kutu. Kutu ya chuma huishika aseniki kwa nguvu. Watafiti wa maabara ya Berkeley, Marekani, walipaka kutu juu ya majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, ili kusafisha maji ya Bangladesh. Nepal walitumia misumari ya chuma juu ya chujio la mchanga. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuondoa floridi. Kila sumu ina taka yake.

Kwa nini usitengeneze nyumbani?

Kwanza, chujio hujaa. Siku likijaa, maji yanaendelea kutoka meupe vilevile, na ni maabara tu itakayokuambia. Pili, maji hayafanani. Fosfati ikiwa nyingi huichukulia aseniki nafasi kwenye kutu, na misumari ya Nepal haikufanya kazi sawa kila mahali. Tatu, makaa yaliyojaa sumu hayafai kutupwa shambani wala chooni. Anayetengeneza chujio bila mpango wa kupima na kutupa ameihamisha sumu tu.

Ufanye nini sasa?

- Kunywa maji ya bomba au ya chanzo kilicholindwa na kupimwa. Usinywe maji ya Nyamwamba, hata yaliyochemshwa.
- Mvua ya bati haipiti kwenye mawe ya mgodi. Mwaga maji ya dakika za mwanzo, kinga yanayofuata, kisha yachemshe.
- Usilime mboga juu ya mabaki ya mgodi, kwa sababu mimea huvuta madini.
- Bomba likiharibika, iambie kamati ya maji siku hiyohiyo. Watu hurudi mtoni bomba linaponyamaza.
- Akija mtu kuuza chujio la kuondoa madini, muulize maswali matatu: limepimwa kwa maji ya hapa? Nani atalipima tena, na lini? Makaa ya zamani yataenda wapi?
- Kutaka chanzo chenu kipimwe, pitieni kwa kamati ya maji au mwenyekiti wa kijiji hadi ofisi ya maji ya wilaya, iliyoko makao makuu ya wilaya, Rukoki. Ombeni kipimo cha madini kwa jina, kwa kuwa kipimo cha vijidudu peke yake hakionyeshi aseniki.

Walio Bwera na Mpondwe hawako kwenye bonde la Nyamwamba. Kwao adui mkubwa bado ni kipindupindu, kwa hiyo waendelee kuchemsha na kutumia klorini kama walivyofundishwa.