Sumu Isiyokufa kwa Moto: Maji ya Kiangazi na Mboga za Ipogolo

Mvua zikikatika mwezi Mei, bustani za mboga kando ya Mto Ruaha Mdogo huanza kutegemea ndoo, keni na pampu. Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ni eneo la mchicha, chainizi na mnafu. Hofu iliyozoeleka kuhusu mboga za bondeni ni vijidudu vya maji taka, na dawa yake inajulikana: osha, kisha pika. Iko hatari nyingine ambayo dawa hiyo haiifikii.

Chanzo chake ni kupungua kwa maji. Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Ruaha Mdogo, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Lakini mto hauhitaji kukauka ndipo uharibike. Unapopungua, sehemu ya maji hutuama kwenye vidimbwi na mashimo ya kumwagilia. Maji yanayokimbia husafirisha mbolea, samadi na uchafu wa makazi, yaliyotuama huvilimbikiza. Fosforasi na naitrojeni zikiongezeka, jua likiwa kali na maji yakiwa yametulia, hali inakuwa nzuri kwa sianobakteria, ambao wengi huwaita mwani wa kijani-buluu. Baadhi yao, kama Microcystis, wana vifuko vya hewa vinavyowawezesha kuelea juu, wakawahi mwanga na kuwafunika wengine. Baridi ya Juni na Julai huwapunguza kasi. Oktoba na Novemba, joto linapopanda na maji yakiwa machache zaidi, breki hiyo huachia.

Si kila utando wa kijani una sumu, na kwa macho haiwezekani kutofautisha. Sumu iliyochunguzwa zaidi ni maikrosistini, ambayo hushambulia ini kwa kuzuia vimeng'enya vinavyodhibiti kazi za seli. Imepimwa na kupatikana katika Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Mwanza na upande wa Kisumu. Ukali wake ulionekana Caruaru, Brazil, mwaka 1996: zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yaliyokuwa na sumu hii.

Kwenye jani, sumu hupita njia mbili. Ya kwanza ni juu: maji ya keni yakimwagwa juu ya mboga huacha seli za mwani kwenye mikunjo. Utafiti wa Dundee, Scotland, uliochapishwa mwaka 1999, ulizikuta seli na sumu zikiwa bado kwenye letusi siku kumi baada ya umwagiliaji kusitishwa. Ya pili ni mizizi, ambayo hufyonza sumu iliyoyeyuka na kuipeleka juu. Njia ya kwanza huweza kupunguzwa kwa kuosha. Ya pili haioshwi.

Mmea wenyewe pia huumia, kwa kuwa una vimeng'enya vya aina ileile. Majaribio ya maabara yameonyesha mbegu kuota kwa shida, mizizi kudumaa na majani kupoteza rangi. Shambani, jani la njano husomwa kama njaa ya naitrojeni, na mkulima huongeza urea. Ziada yake hurudi bondeni kwa maji ya kumwagilia na kuulisha mwani uliosababisha dalili. Kila tiba huongeza ugonjwa.

Jikoni hakuna kinga ya uhakika. Maikrosistini haivunjwi na joto la kawaida la kuchemsha. Kuua mwani kwa kemikali ndani ya dimbwi kunaweza kuzidisha tatizo, kwani seli zikipasuka humwaga sumu iliyokuwa ndani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha kuvumilika cha maikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 15, hiyo ni maikrogramu 0.6. Mboga ikiwa na maikrogramu 10 kwa kilo, gramu 60 tu zinatosha kumaliza posho yake ya siku, kabla hajanywa maji.

Mifumo ya ukaguzi nayo ilijengwa kwa maadui wengine. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wa mwaka 1985 kuhusu maji ya umwagiliaji unajikita kwenye chumvi, sodiamu, kloridi na boroni. Ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, kuhusu maji taka katika kilimo, unasisitiza vijidudu na mayai ya minyoo. Maji yanaweza kufaulu vipimo vyote viwili yakiwa na sumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini katazo hilo halipimi maji yanayofika kwenye tuta.

Hatua za kwanza hazihitaji mradi mkubwa. Mkulima achote maji yanayotembea, aliache dimbwi lililogeuka kijani, amwagilie kwenye shina badala ya juu ya majani, na asiongeze urea kabla ya kuyachunguza maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, na halmashauri ya manispaa zipime maikrosistini kwenye vidimbwi hivi kila Oktoba. Kipimo kisisubiri mgonjwa, kwa sababu ini huumia kwa muda mrefu kabla ya mwenye nalo kujua.