Lubumbashi: Katika Ruashi, lupango ya baba inageuka milango ya kupangisha

Kwenye kuta nyingi za Ruashi kuna maandishi ya rangi nyeusi ao nyekundu, mara nyingi kwa Kifaransa, yanayosema neno moja tu: lupango hii haiuzwi. Mugeni anaweza kufikiri kwamba ni onyo kwa wanunuzi. Kwa kweli, mara nyingi ni watu wa nyumba moja wanaoandikiana. Mutoto mumoja wa marehemu ameandika juu ya kaka ao dada yake, ambaye tayari amekwisha kuita komisioneri na wanaongea bei.

Hiyo ndiyo hali ya komini hii ya kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Watu wanazidi, lupango haziongezeki, na kila mwaka familia zinajiuliza tena swali lilelile: kuuza, kugawanya, ao kujenga milango ya kupangisha?

Wakati Ruashi inaanza, hakuna mutu aliyefikiria biashara hiyo. Katika miaka ya 1920, wakoloni Wabelgiji waliweka Waafrika wa Élisabethville mbali na muji wa Wazungu, ngambo ya eneo lililoachwa wazi katikati. Ndiko ilianzia komini Albert, inayoitwa leo Kamalondo. Ikafuata Kenya, kisha Katuba. Ruashi ilikuja katika miaka ya 1950, mbali zaidi na muji, karibu na machimbo ya shaba. Wakati ule Office des Cités Africaines, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa inajenga mitaa mizima kwa ajili ya wafanyakazi: nyumba ndogo za matofali, mistari iliyonyooka, na kila nyumba na uwanja wake. Mwaka 1957, wakaaji wa komini za Élisabethville walichagua viongozi wao kwa mara ya kwanza, sawa na wenzao wa Léopoldville na Jadotville.

Uwanja ule ndio wenye leo kuleta pesa. Zamani ulikuwa wa muembe, wa matembele, wa bata wa mama. Sasa muembe umekatwa, na mahali pake pamesimama nyumba ndefu ya milango mine ao mitano, chumba na saluni kwa kila mulango, malata juu. Matofali yanatoka mara nyingi katika udongo wa kichuguu, uliochomwa pembeni ya muji. Ni sababu hiyo vile vilima vikubwa vya muchwa, ambavyo kila mutoto wa Lubumbashi amevipanda, vinazidi kupotea.

Wapangaji hawakosekani. Tangu sheria ya madini ya mwaka 2002, makampuni yamejaa katika Katanga, na palipo kampuni kuna dereva, mulinzi, fundi na mama wa kuuza chakula. Katika Ruashi kwenyewe, machimbo yako karibu na nyumba za watu. Kampuni ya Kichina Jinchuan iliyachukua mwaka 2012, iliponunua Metorex ya Afrika Kusini. Wengine wanatoka Kasai kwa gari-moshi, na wengine ni wanafunzi.

Kuna pia sababu isiyosemwa sana. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mupango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Kupenda ni neno kubwa kidogo kwa mutu aliyekuwa amekaa miezi mingi bila mushahara. Walipewa pesa mara moja, na pesa iliisha. Kwa familia ya namna hiyo, mulango wa kupangisha ndio ulibaki kuwa mushahara wa mwisho wa mwezi.

Mupangaji naye ana mateso yake. Kwanza anamulipa komisioneri ili aonyeshwe nyumba, hata kama haimupendezi. Akiipata, anatoa komisio, mara nyingi sawa na pesa za mwezi mumoja. Kisha garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu, kwa nyumba ya biashara, isipite miezi sita. Lakini mwenye nyumba anayetaka miezi sita haogopi sheria, sababu anajua kama huyu akikataa, mwingine anangojea kwenye barabara. Na garanti ile, mara nyingi imekwisha kugeuka malata na saruji ya mulango unaofuata. Siku ya kuhama, mupangaji anaambiwa amalizie pesa yake kwa kukaa.

Ndani ya lupango, watu wanaishi karibu sana. Choo ni kimoja, robine ni moja, kompteri ya SNEL ni moja, na faktire inapofika kila mulango unahesabu balbu za jirani. Nani ana frigo? Nani anapiga pasi usiku? Lakini ni mlemle mama anaachia jirani mutoto wake ili aende sokoni, na ni mlemle likelemba inapita kutoka mulango hadi mulango. Mutu akifariki, ndipo kukosa uwanja kunaonekana: kilio hakiwezi tena kukaa ndani, hema na viti vya plastiki vinatoka barabarani, na magari yanatafuta njia ingine.

Kifo ndicho kinafungua pia faili ya urizi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za urizi, kwa sehemu sawa, wanaume kwa wanawake, pamoja na wale waliozaliwa inje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana wake. Wengi hawajui hayo, na wanaojua mara zingine ndio wanaharakisha kuuza mbele ya wengine kuamuka.

Karatasi nazo zinaongeza fujo. Familia nyingi zinachunga karatasi ya zamani ya komini, iliyokunjwa ndani ya Biblia ao sanduku, na zinaamini inatosha. Lakini kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mutu inasimama kwa sertifika ya kuandikisha inayotolewa na konservateri. Ikiisha miaka miwili, ni vigumu sana kuipinga mbele ya tribinali. Kwa hiyo ndugu mumoja akikimbia kuandikisha lupango kwa jina lake peke yake, wengine wakilala miaka miwili, wanaamuka wakiwa wapangaji kwa baba yao.

Wanaouza wanagawana pesa, na mara nyingi fungu la kila mumoja halitoshi kununua tena Ruashi. Wanaenda komini Annexe, upande wa Luwowoshi ao Kilobelobe, kununua lupango pasipo na robine wala poto ya umeme, na mara zingine wanakuta mutu mwingine ameuziwa udongo uleule. Siku ya Mungu wanapanda basi kurudi Ruashi. Kanisa lao liko kule, likelemba yao iko kule, na wengi wao wanaendelea kuandika Ruashi kwenye karatasi za shule za watoto.