Wembe wa kukunja: mjue anayekunolea kabla haujagusa shingo

Wapo vijana siku hizi wanaotaka kunyoa ndevu zao za kwanza kwa wembe wa kukunja, ule wa chuma wenye mpini unaofungika kama kisu cha mfukoni. Mmoja ameuona kwenye video akauagiza, mwingine amerithi wa babu yake. Wiki haipiti kabla ya kuuliza: nani ataninolea? Utasema hilo ni swali la mafundi, linaingiaje kwenye safu ya afya? Linaingia kwa sababu makali hayo yatapita shingoni kwa mwanao, na kabla ya kufika hapo yatakuwa yamepita kwenye jiwe na mkanda wa mtu usiyemjua.

Jambo la kwanza huwashangaza wengi. Wembe wa kukunja ukiwa mpya kabisa, bado umo kwenye boksi lake, mara nyingi hauko tayari kunyoa. Kiwandani hutiwa makali ya mwanzo tu, yale ya mwisho huachiwa fundi au mwenye wembe. Kijana asiyejua hilo huanza kunyoa, unamkwaruza, naye anakandamiza. Hapo ndipo damu inapotoka. Wembe butu ni hatari kuliko mkali, kwa kuwa mkono huongeza nguvu na makali huteleza kusikotakiwa.

Wembe butu pia huvuta nywele badala ya kuzikata vizuri, na sisi wenye nywele za kipilipili tunalipa gharama yake. Unywele uliokatwa karibu mno na ngozi, au uliovutwa kisha ukakatika chini ya ngozi, hujikunja ukiota na kurudi ndani. Mwili unauona kama mwiba. Matokeo yake ni vipele vya ndevu vinavyowasha, vinavyotunga usaha, na vinavyoacha madoa meusi chini ya kidevu. Kwa baadhi ya watu kila kipele au mkwaruzo huacha kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Kama katika ukoo wenu makovu ya namna hiyo yapo, masikioni au kifuani, kijana wako aachane na wembe wa aina yoyote. Atumie mashine inayobakiza ndevu fupi. Nasema hivyo nikijua hatapenda kusikia.

Turudi kwa mnoaji. Mtaani hupita fundi mwenye gurudumu la jiwe linalozungushwa kwa pedali, cheche zikiruka, akinoa visu na mapanga. Ni fundi mzuri kwa kazi hiyo. Usimpe wembe. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, na gurudumu linalozunguka kwa kasi huupasha joto kwa sekunde chache tu. Chuma kikigeuka rangi na kuwa bluu, ugumu wake umekwenda, na makali hayatakaa tena hata ukinoa kutwa. Mashine ya umeme ya gereji ni hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi.

Wembe hunolewa kwa mkono, juu ya jiwe bapa, kwa maji. Hulazwa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, na mgongo ndio unaopima mwinamo. Fundi huanza na jiwe la namba 1000 au karibu na hapo ikiwa makali yameharibika, akapanda polepole hadi namba 8000 au zaidi, kisha humalizia kwenye mkanda wa ngozi. Ukilijua hilo unaweza kumpima fundi kwa maswali mawili matatu tu. Unatumia jiwe gani la mwisho? Unainua mgongo wa wembe au unaulaza? Akikujibu kwamba anao msasa na mashine, mshukuru uende zako.

Wa kuulizia ni vinyozi wa umri mkubwa walioanza kazi kabla ya nyembe za kutupa kuenea kila kona, na mafundi wanaonoa mikasi ya cherehani na visu vya mashine za kunyolea. Seremala makini anayenoa patasi na randa yake kwa jiwe la maji naye anaelewa jambo hili nusu. Nusu nyingine ajifunzie kwenye wembe wa mtu mwingine. Mwombe fundi akuonyeshe kazi aliyokwisha kuimaliza: wembe ulio tayari hukata vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi. Usijaribu makali kwa kidole gumba, hata kama fundi mwenyewe anafanya hivyo.

Sasa sehemu inayonihusu zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Ndiyo sababu wembe haukopeshwi, hata kati ya baba na mwana, hata kati ya ndugu wanaolala chumba kimoja. Kula pamoja na kushikana mikono hakuambukizi ugonjwa huo. Wembe mmoja kwa watu wawili unaweza. Jiwe la fundi huoshwa kwa maji na sabuni likatakata, lakini mkanda wa ngozi hauoshwi. Kwa hiyo nunua mkanda wako, uende nao, na umwambie fundi amalizie juu ya huo. Si kumdharau. Fundi anayejua kazi hatachukia.

Wembe ukirudi nyumbani uoshe kwa sabuni na mswaki laini, ukianzia mgongoni kuelekea kwenye makali, ukaushe, kisha uupanguse kwa spiriti ya asilimia 70. Jiki inaua virusi, ila hula chuma cha aina hii na kukiachia kutu ukingoni. Kuhusu kuchemsha, tahadhari: mipini mingi ya zamani ni ya seluloidi, plastiki ya enzi hizo inayopinda kwa joto na kushika moto upesi.

Wembe wa urithi una shida yake ya ziada. Huenda umechongwa jina la Solingen, Ujerumani, au Sheffield, Uingereza, na chuma chake kikawa kizuri kuliko cha leo. Lakini pale mpini unapokutana na chuma, penye pini, hukaa uchafu wa miaka mingi usiofikiwa na mswaki. Mwombe fundi aitoe pini, asafishe, na mpini uliopasuka aubadilishe. Kama makali yamemeguka au kutu imechimba vishimo ukingoni, uweke kabatini uwe kumbukumbu.

Kama hujapata fundi, upo wembe wa kukunja unaotiwa nusu ya wembe wa kawaida wa kutupa. Kijana anapata anachokitaka, na kila anaponyoa anaweka mpya. Kwa anayeanza, binafsi ningechagua huo.

Wenye kisukari, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na wenye vidonda au fangasi usoni wasianze na wembe wazi bila kuzungumza na daktari wao. Ukikatika, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikiendelea, au kata ikiwa ndefu shingoni, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulichoma lini.

Na kama umekatwa na wembe uliotoka kwenye ngozi ya mtu mwingine, kinyozini au nyumbani, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, na ufike hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Ulizia hapo hapo chanjo ya homa ya ini B. Watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti, lakini baba zao wengi hawajawahi kuchanjwa. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu: ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza.