Mwaka mzima kazini bila mshahara: mambo ya kujua kabla mtoto wako hajasema ndiyo

Wazazi wengi hapa Pwani wakisikia mtoto amepata atachimenti ya mwaka mzima katika kampuni, husema Alhamdulillah na kuanza kupigia hesabu mshahara. Mshahara haupo. Kilichopo ni nafasi ya kujifunza. Nafasi hiyo inaweza kumjenga kijana kuliko mihula miwili ya darasani, na pia inaweza kugeuka kuwa kazi ya bure ya miezi kumi na miwili. Mara nyingi utajua ni ipi kati ya hizo mbili kwa kusoma barua aliyopewa kabla hajaripoti.

Nimekuwa nikiulizwa sana kuhusu jambo hili tangu mpwa wangu, binti ya dada yangu wa Likoni, amalize mwaka kama huo Desemba 2024 katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Amenipa ruhusa nieleze aliyoyaona. Jina lake na la kampuni nayaweka kando.

Kwanza tusichanganye maneno. Atachimenti ya kawaida ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi wa stashahada hutumwa kazini kwa takriban miezi mitatu, mwalimu huja kumkagua, na bila kuikamilisha huwa hakamilishi kozi. Uanagenzi wa waliohitimu ni wa mtu aliyekwisha kumaliza chuo, kama ule mpango wa miezi 12 wa Tume ya Utumishi wa Umma. Huu wa tatu, ambapo mwanafunzi husimamisha masomo, akakaa kampuni mwaka mzima kisha akarudi kumalizia, umezoeleka sana Uingereza, ambako shahada nyingi huwa na mwaka wa kazini kabla ya mwaka wa mwisho. Hapa kwetu bado unategemea makubaliano ya chuo, kampuni na mwanafunzi mwenyewe. Kwa hivyo lile ambalo halikuandikwa ni vigumu kulidai baadaye.

Kwa nini mwaka, na si miezi mitatu?

Mimi nilifanya ya miezi mitatu, nikiwa mwanafunzi wa stashahada miaka ya mwanzo ya 2000. Nilikuwa stoo. Nilipoanza kuelewa kwa nini bidhaa fulani huagizwa mapema na nyingine huachwa hadi ziishe, muda wangu ukawa umekwisha. Nikaondoka na barua nzuri na elimu ya kujaza kadi za stoo.

Mpwa wangu aliingia Januari. Miezi miwili ya kwanza haikuwa na tofauti na yangu: kutoa nakala, kupeleka hati kwa mawakala wa meli, kusubiri kwenye foleni, kurudi na mhuri. Lakini ulikuwa msimu wa kuelekea Ramadhani, ambayo mwaka huo ilianza Machi, na kontena za tende zilikuwa zinaingia. Mteja wa tende hana subira, kwa sababu tende zikitoka bandarini baada ya Idi bei yake si ile tena. Katika kubeba makaratasi hayo ndipo alipojua safari nzima ya mzigo: ankara ya muuzaji, hati ya shehena, orodha ya vifurushi, tamko la forodha kwenye mfumo wa KRA, malipo, ukaguzi, hati ya kuachilia mzigo, halafu lori.

Mwezi wa nne alianza kuandaa rasimu za tamko la forodha. Karani mzee wa pale, ambaye yeye humwita Baba Mwalimu, alimfundisha kulinganisha uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena na ule wa orodha ya vifurushi kabla ya jambo jingine lolote. Siku moja akakuta tofauti ya zaidi ya tani moja. Tamko lingepelekwa vile lilivyokuwa, mzigo ungezuiliwa, siku za bure za kuhifadhi kontena zingekwisha, na mteja angeanza kutozwa. Hati ikarudishwa kwa wakala wa meli ikarekebishwa. Hilo hakulisoma chuoni.

Kisha ukaja Juni. Kila tarehe 1 Julai viwango vipya vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza kutumika, na kwa kawaida ndipo mabadiliko mengi ya Sheria ya Fedha ya Kenya nayo huanza. Ofisi yao ilikuwa imekwisha kuwaandalia wateja makadirio kwa kufuata Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 26 Juni, baada ya maandamano ya vijana, Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Wakapiga hesabu upya, mteja baada ya mteja. Mwaka haujaisha, sheria nyingine ya kodi ikapita Desemba, na ada ya maendeleo ya reli ikapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2 kuanzia tarehe 27 mwezi huo. Mwanafunzi wa miezi mitatu hupata kipande kimoja tu cha haya. Aliyekaa mwaka huona msimu wa pirika na msimu mkavu, bajeti, wakaguzi wa hesabu, na jinsi meneja anavyozungumza na mteja aliyekasirika.

Hiyo ndiyo faida yake, na ni kubwa. Sasa tuje kwenye gharama.

Nauli na chakula

Feri ya Likoni haitozi watembea kwa miguu, na hilo lilisaidia. Kutoka feri hadi ofisini na kurudi ilikuwa Sh120 kwa siku, chakula cha mchana Sh100. Kwa siku 22 za kazi ni Sh4,840 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh58,080. Mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Miezi mitatu ya kwanza kampuni haikutoa chochote, kwa hivyo zaidi ya Sh14,500 zilitoka kwenye karai la mahamri. Mwezi wa nne wakaanza kumpa Sh5,000, pesa ambayo ikitoka nauli na chakula inabaki Sh160.

Ninaitaja hesabu hii kwa makusudi. Tunalalamika kwamba kazi za bandarini na za kampuni zinazoizunguka haziwafikii watoto wa Likoni, Changamwe na Kisauni. Lakini mlango wa kuingilia kazi hizo ukiwa ni mwaka mmoja wa kujilipia nauli, atakayepita ni yule ambaye baba yake anaweza kulipa. Wengine hata hawaombi. Fedha za Hazina ya Basari ya Kaunti hulipa karo. Sijaona mzazi aliyepewa basari ya nauli ya atachimenti.

Meza iliyoachwa wazi

Septemba karani mmoja aliacha kazi. Hakuajiriwa mwingine. Kazi zake zikahamia kwa mpwa wangu, kwa posho ileile ya Sh5,000, na akaambiwa atumie nywila ya karani mwenzake kupeleka matamko kwenye mfumo.

Alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Nikikataa wataniambia niende nyumbani na barua sitaipata. Nikikubali na likatokea kosa, je?"

Swali lake lilikuwa zito. Tamko la forodha hupelekwa kwa jina la mtu aliyeruhusiwa, na maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Yeye hakuwa na idhini, wala hakuwa na barua yoyote inayosema kazi yake ni nini. Nilimwambia asikatae kwa mdomo. Aandike, kwa adabu, kwamba yuko tayari kuandaa kila kitu ila anaomba karani mwenye nywila akague na kupeleka mwenyewe. Meneja alinuna wiki nzima, kisha akakubali. Baba Mwalimu ndiye aliyemtetea.

Mwaka ulipokwisha wakamwomba aongeze miezi sita, kwa posho ileile. Dada yangu alitaka akubali, akiamini mwisho wa subira ni ajira. Binti mwenyewe akasema atarudi chuoni amalize mitihani, nami nilimuunga mkono. Hatujui kama angeajiriwa. Tunachojua ni kwamba Februari mwanafunzi mwingine alikuwa ameketi kwenye meza ile.

Sheria inasemaje

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ndiyo inayosimamia mafunzo haya, na ina kituo hapa Mombasa. Waajiri huchangia Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwenye hazina ya mafunzo, na mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa hivyo kampuni ikikuambia haina namna yoyote ya kusaidiwa kumfundisha mwanao, waulize kama wanawasiliana na NITA.

Sheria ya Ajira ya 2007 na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huohuo zinamhesabu mwanagenzi mwenye mkataba kuwa miongoni mwa wafanyakazi. Aliyeingia kwa maneno matupu atapata taabu kuthibitisha hali yake siku forklifti ikimkanyaga mguu. Tena Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Wenye mabinti, ulizeni sera hiyo bila kuona haya.

Ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo

Barua iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la msimamizi, na idara atakazopitia. Akiwekwa idara moja mwaka mzima, amenyimwa nusu ya faida. Chuo nacho kiandike kwamba nafasi yake ya masomo inamsubiri na kwamba mwaka huo utahesabiwa kuwa atachimenti yake.

Bima ya ajali ijulikane ni ya nani, chuo au kampuni. Posho iandikwe ni kiasi gani na inaanza mwezi gani, hata ikiwa ni nauli tu.

Daftari la mafunzo lijazwe kila wiki na lisainiwe. Mpwa wangu alijaza kila Ijumaa, na ndilo lililomwezesha kuonyesha chuoni kazi alizofanya tangu Septemba.

Swala nayo izungumzwe siku ya kwanza. Kwa vijana wa kiume, saa ya Ijumaa ikubaliwe mapema na muda ufidiwe jioni. Ukisubiri hadi Ijumaa ya kwanza uombe ruhusa mlangoni, umeanza vibaya.

Na kwa kampuni zetu za hapa Mombasa: mwanafunzi anayefanya kazi ya karani aliyeondoka anajaza nafasi ya kazi, na nafasi ya kazi ina mshahara. Kama mnamtaka abaki, mwandikieni mkataba. Kama hamna pesa za mkataba, mwacheni arudi chuoni kwa wakati, mkimpa barua yenye ukweli wa kazi alizozifanya.